Mkojo Hausemi Yote

Simama jioni Dagoretti Corner jijini Nairobi, Naivasha Road inapokutana na Ngong Road. Makanga anapiga bodi mara mbili, matatu ya Kawangware inaondoka mlango ukiwa bado wazi. Dereva akiwa amelewa pombe, kifaa cha kupima pumzi kitamnasa. Akiwa amevuta bangi, kifaa hicho hakioni kitu.

Bangi ni haramu Kenya chini ya sheria ya mwaka 1994, lakini wavutaji wapo. Waajiri wengine hukimbilia kipimo cha mkojo, nacho kina kasoro kubwa: mabaki ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki, ilhali ulevi wenyewe huisha baada ya saa chache. Aliyevuta Jumamosi anaweza kufutwa Jumatano akiwa timamu kabisa. Afrika Kusini, ambako matumizi ya faragha yaliruhusiwa mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa ya Kazi ilimtetea mwaka 2024 mfanyakazi wa ofisini aliyefutwa hivyo.

Usukani ni jambo jingine, na hapo sina huruma. Abiria wa Kawangware anataka kujua kama sasa hivi mguu wa dereva utafika kwenye breki kwa wakati. Basi dereva akaguliwe steji kabla ya zamu, apimwe mate, ambayo huonyesha matumizi ya karibuni. Na saa za kazi zipunguzwe! Anayeendesha tangu alfajiri hadi usiku akitafuna miraa, ambayo ni halali, ili asisinzie, hanaswi na kipimo cha pumzi. Zamu hizo hupangwa na wenye magari na Sacco zao, yaani vyama vyao vya ushirika, na leseni zao hutolewa na NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama.