Umbo la Almasi na Uzito Wake: Mizani Anayostahili Mchimbaji Mdogo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wachimbaji wadogo, madalali na wanunuzi wa almasi, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga



1. Utangulizi

Waandaaji wamenipa kazi ya kueleza maumbo ya almasi na namna uzito wake unavyopimwa. Mambo ya msingi nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wenu mmekulia kwenye machimbo na mnayajua. Muda mwingi nitautumia kwenye mizani inayowekwa mezani siku ya kuuza. Hapo ndipo jasho la mchimbaji linapopotea, na suala hili tumelisema miaka mingi bila kulimaliza.

2. Mambo ya msingi

Karati moja ni miligramu 200. Kiwango hiki kilikubaliwa kimataifa mwaka 1907. Kabla ya hapo karati ilitofautiana kati ya mji mmoja wa biashara na mwingine. Kwa hiyo gramu moja ni karati 5. Karati moja hugawanywa katika pointi 100, na pointi moja ni miligramu 2. Karati ya dhahabu ni jambo jingine: hiyo hupima usafi, na dhahabu tupu ni karati 24.

Almasi iliyokatwa huthaminiwa kwa uzito, rangi, usafi na ubora wa ukataji. Almasi ghafi haijakatwa, hivyo mnunuzi hutazama umbo lake ili akadirie kitakachobaki baada ya kukatwa. Bei hutajwa kwa karati, na karati ya jiwe kubwa ina bei ya juu kuliko karati ya jiwe dogo. Ndiyo maana jiwe moja la karati 2 huuzwa ghali kuliko mawe mawili ya karati moja moja yenye ubora uleule.

3. Maumbo

Almasi ghafi iliyo kamili mara nyingi ina nyuso nane, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Jiwe la aina hii hupasuliwa sehemu mbili na kutoa almasi mbili za duara. Zipo zenye nyuso kumi na mbili zilizoviringika kidogo, zipo za mchemraba, zipo za pembetatu bapa, na vipo vipande vilivyovunjika visivyo na umbo maalumu. Pembetatu bapa haina kina cha kutosha kutoa duara zuri, kwa hiyo mkataji huielekeza kwenye umbo la pembetatu, moyo au tone la maji.

Kwenye almasi iliyokatwa, duara lenye nyuso 57 au 58 ndilo linaloongoza sokoni. Mengine ni mraba, mstatili wenye ngazi, yai, tone la maji, moyo, na umbo refu lenye ncha mbili kama mtumbwi.

Ukataji hula uzito. Mfano tunao hapahapa Mwadui, kwenye mgodi ulioanzishwa na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, baada ya kugundua almasi hapo mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5, ikatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa duara, ikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iliondoka, na bado ni miongoni mwa almasi za waridi zinazosifiwa sana duniani. Kwa hiyo mnunuzi anapopunguza bei kwa sababu ya umbo, hoja yake inaweza kuwa ya haki. Umbo linajadiliwa kwenye bei. Uzito haujadiliwi, uzito hupimwa.

Jiwe la duara lililokatwa unaweza kulikadiria hata bila mizani: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, vyote kwa milimita, halafu kwa 0.0061. Jiwe lenye kipenyo cha milimita 6.5 na kina cha milimita 3.9 litakupa takriban karati moja. Almasi ghafi haina kanuni ya namna hiyo, kwa kuwa kila jiwe limejiumba kivyake. Mwamuzi wake ni mizani peke yake.

4. Tatizo la mizani

Ndugu washiriki, mizani ninayoikuta mara nyingi kwenye biashara ya almasi nje ya masoko rasmi ni ile ndogo ya mfukoni, ya kupimia vitu vya kawaida, inayosoma hatua ya gramu 0.1. Gramu 0.1 ni nusu karati. Weka juu yake jiwe la karati 1.7, yaani gramu 0.34. Mizani itaandika 0.3. Mnunuzi atasema karati moja na nusu, na mchimbaji atakubali kwa sababu ameona namba kwa macho yake. Pointi 20 zimekwenda. Tuseme, kwa mfano tu, karati ya jiwe hilo inauzwa shilingi 400,000. Hapo shilingi 80,000 zimepotea, na hakuna aliyeiba kwa mkono.

Mizani ya dhahabu yenye hatua ya gramu 0.01 ni afadhali, lakini hatua moja yake bado ni pointi 5. Jiwe la pointi 98 na jiwe la karati moja kamili yanaweza kusomeka sawa, wakati kwenye biashara mpaka wa karati moja ndipo bei hupanda. Maabara kubwa za almasi hupima hadi desimali nyingi kuliko zinazoandikwa kwenye cheti: jiwe la 0.998 huandikwa 0.99, na la 0.999 ndilo huandikwa 1.00. Wenzetu wanabishana juu ya sehemu ya elfu ya karati, sisi tunapoteza sehemu ya tano.

Jambo la pili ni urekebishaji. Mizani ya kielektroniki hupima nguvu ambayo jiwe linakandamiza sahani. Mvutano wa dunia ni mdogo karibu na ikweta na kwenye nyanda za juu. Mizani iliyorekebishwa Ulaya ya kaskazini ikaletwa Shinyanga bila kurekebishwa upya itasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 0.3. Kwenye jiwe la karati 10 hizo ni pointi tatu au zaidi, na pungufu hilo humwangukia muuzaji.

Jambo la tatu ni mazingira. Sahani isiyo na kifuniko cha kioo husukumwa na upepo wa feni. Meza inayotetemeshwa na jenereta huchezesha namba, na namba inayocheza husomwa kwa faida ya anayesoma. Kuna pia desturi ya kukata uzito "kwa ajili ya udongo" kwa kukisia, wakati jiwe lingeoshwa na kukaushwa kwa dakika chache kabla ya kupimwa.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka vipimo vyote vya biashara vihakikiwe, na stika ya Wakala wa Vipimo ndiyo uthibitisho kwa mwananchi. Masoko ya madini yalianza mwaka 2019 ili mauzo yafanyike mahali pamoja, mbele ya mthamini. Natambua kwamba taasisi husika zina maeneo mengi na watumishi wachache. Hata hivyo, azimio la kutumia mizani inayosoma karati limeandikwa semina baada ya semina, na mchimbaji anaendelea kupimiwa kwa mizani ya viungo vya pilau.

5. Mapendekezo

(i) Almasi ipimwe kwa mizani ya karati inayosoma pointi moja (karati 0.01) au chini ya hapo. Mizani ya gramu 0.1 ipigwe marufuku kabisa kwenye biashara hii.

(ii) Kila mizani iwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo, ikielekezwa upande wa muuzaji.

(iii) Mizani irekebishwe mahali inapotumika, na irekebishwe tena kila inapohamishwa.

(iv) Kila meza iwe na jiwe la mizani la gramu moja lililohakikiwa. Muuzaji ana haki ya kuomba liwekwe kwanza, na mizani ionyeshe karati 5.00.

(v) Sahani ifunikwe, feni izimwe, meza itulie, na sifuri ionekane kabla ya jiwe kuwekwa.

(vi) Jiwe lioshwe na kukaushwa. Kukata uzito kwa kukisia kukome.

(vii) Mawe makubwa yapimwe moja moja, yasichanganywe na madogo kwa bei ya wastani.

(viii) Umbo lijadiliwe baada ya uzito kuandikwa, ili mjadala wa bei usiingie kwenye namba ya mizani.

(ix) Risiti ionyeshe karati hadi desimali mbili, bei ya karati moja na jumla.

(x) Vyama vya wachimbaji vinunue mizani yao ya karati, mwanachama apime kabla ya kwenda sokoni.

(xi) Maafisa wa vipimo na maafisa madini wafanye ukaguzi wa pamoja, wa kushtukiza.

(xii) Narudia: mizani ya gramu 0.1 iondoke mezani.

6. Hitimisho

Uzito sahihi unalinda pande zote. Serikali hukokotoa mrabaha kwa thamani ya almasi, na thamani huanzia kwenye karati; uzito ukiibwa, mrabaha umeibwa pia. Mnunuzi mwaminifu naye hushindwa bei na anayepunja. Nawaomba viongozi mliopo mtoke hapa na tarehe ya utekelezaji na jina la mhusika kwa kila pendekezo. Nawe ndugu mchimbaji, usikubali jiwe lako lipimwe kabla hujaiona stika, hujaiona sifuri, na hujaiona gramu moja ikisoma karati tano.