WATOTO WETU NA GARI LA ASUBUHI
(Maneno ya mjumbe wa kamati siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)

 

Nimeombwa niseme juu ya watoto na usafiri wa shule. Wapo watakaosema hilo ni la serikali, sisi kazi yetu ni kuweka na kukopa. Haya, fungueni daftari la mikopo jamani. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 wakafuata wa kidato cha tano na sita. Mama haji tena kukopa ada. Anakuja kukopa nauli, baiskeli, au godoro la mtoto aliyepangishiwa chumba karibu na shule. Basi jambo hili limekwisha ingia kikundini bila kubisha hodi.

Zamani tulilalamikia njia. Masika mnaijua wenyewe, Mbaka na Lufilyo zikijaa hakuna wa kuuliza gari liko wapi. Siku hizi kutoka Kikusya kwenda Ipinda hadi Matema ni lami, na magari yanapita. Ila mlango haufunguki kwa mwenye sare. Mtoto anapunga mkono, gari linapita kama halikumwona. Likisimama, wanapanda wenye mizigo ya mchele na ndizi kwanza.

Tuseme kweli, konda si mchawi. Ana hesabu ya tajiri na ana mafuta. Desemba 2023 LATRA ilipopandisha nauli za daladala za mijini, safari isiyozidi kilometa 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Ya mwanafunzi ikaachwa 200. Pigeni hesabu: watoto watatu ndio mtu mzima mmoja, na viti wanakalia vitatu. Kumhurumia mtoto ni kuzuri, lakini mzigo wa huruma hiyo amebebeshwa mwenye gari peke yake, na hakuna anayemrudishia ile 400. Naye anautua kwa kumwacha mtoto kituoni. Ndiyo maana kumtukana konda hakujatusaidia, na tumemtukana sana.

Anayeumia zaidi ni binti. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, anatembea kando ya lami. Bodaboda inasimama: panda, dada, leo bure. Kesho bure. Mwezi ukiisha anadaiwa, wala hadaiwi fedha. Sheria ipo, tangu 2016 anayempa mwanafunzi mimba kifungo chake ni miaka 30. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Vyote hivyo ni vizuri, lakini mimi ningependa tumkute binti kabla pikipiki haijamkuta.

(Wenzetu wa Ikombe wana habari yao. Huko njia ni ziwa au mguu chini ya mlima, kwa hiyo gari si jibu, wao wanahitaji bweni. Tulizungumze siku nyingine, tusilichanganye na hili.)

Nimesikia pendekezo kwamba tununue Noah yetu. Mimi silikubali. Kuna tairi, bima, dereva, na likizo ya Juni na Desemba gari linalala. Tena mtoto wa watu akiwa ndani ya gari lako, wewe ndiye utakayeulizwa. Karatu, tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Sitaki mzigo wa namna hiyo juu ya kikundi cha akina mama.

Mimi nasema tukodi. Tuelewane na mwenye Hiace mmoja, mwenye leseni na gari zima, awabebe watoto wetu asubuhi na kuwarudisha jioni. Tuseme ni watoto 15, kwa shilingi 300 kila safari. Mama atoe 200 zake zilezile, mfuko wa jamii uongeze 100. Kwa siku 20 za shule, kwenda na kurudi, mfuko unatoa 60,000 kwa mwezi. Mweka Hazina alipe kila Ijumaa kwa kuangalia daftari la majina. Siku gari halikuja, hakuna malipo. Kituoni awepo mama wa zamu. Mtoto mmoja, kiti kimoja, hakuna kupakata.

Asiye na mtoto shuleni atauliza yeye anapata nini. Mfuko huohuo hununua sanda, na hatuulizi kwanza ni zamu ya nani kufiwa.

Naomba Katibu aandike: wawili waende stendi ya Kyela kuonana na wenye magari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Na kura ipigwe Jumamosi ijayo, kabla ya kugawana hisa. Tukigawana kwanza, namjua kila mmoja wenu, hakuna atakayerudisha hata shilingi.