Mkaguzi Akiondoka na Kazi

Juma hili naomba mnivumilie niingie kwenye karakana ya watunga programu za kompyuta. Kuna mabishano huko, nayo yanamgusa kila anayetoa fedha benki kwa mashine.

Mtunga programu mwangalifu huweka wakaguzi ndani ya kazi yake. Mkaguzi ni agizo fupi tu: hakikisha salio halijashuka chini ya sifuri. Likishuka, programu inasimama papo hapo na kutaja faili na mstari wenye kosa. Sasa wanabishana: mkaguzi huyo aandikwe kwa makro au kwa fankisheni ya inlaini?

Makro ni maneno ya kubandika. Kabla programu haijatafsiriwa kwa lugha ya mashine, kila penye jina la makro panabandikwa maneno yake, bila kuuliza maana. Fankisheni ya inlaini nayo huweza kupachikwa pale ilipoitwa, lakini ina adabu: inachopewa hupigwa hesabu kwanza, mara moja tu, na aina yake huangaliwa.

Ukisikia hivyo utasema fankisheni ndiyo bora, na kwa mambo mengi nami nasema hivyo hivyo. Makro ya kutafuta namba kubwa kati ya mbili huweza kupiga hesabu ileile mara mbili. Kama hesabu hiyo ilikuwa inasogeza kaunta, kaunta inaruka hatua mbili. Lakini kwa ukaguzi makro ina faida. Imebandikwa pale pale, kwa hiyo inataja mstari wa pale pale. Fankisheni ya kizamani hutaja mstari wake yenyewe, kama askari aliyeulizwa wizi umetokea wapi akajibu, kituoni. Kanuni rasmi za C++ zilipata dawa ya hilo mwaka 2020. Tena makro ikizimwa hutoweka yote, pamoja na hesabu iliyokuwa ndani yake.

Hapo kwenye kutoweka ndipo penye hatari. Lugha ya C ina makro iitwayo assert, nayo huzimwa kwa neno moja, NDEBUG. Wapo wanaoandika ndani yake kazi yenyewe: hakikisha kwamba malipo yameandikwa daftarini. Wakati wa majaribio mambo ni shwari. Siku ya kumpelekea mteja, assert zinazimwa ili programu iende kasi; mkaguzi anaondoka, na uandishi wa daftari unaondoka naye. Hakuna onyo. Ukiwasha tena ukaguzi ulitafute kosa, kosa halipo!

Na je, ni lazima kuwazima? Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia angani sekunde 40 hivi tangu iondoke Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu yake ilikuwa ya lugha ya Ada, wala makro hazikuhusika. Namba moja ilizidi nafasi ya biti 16, na kinga yake ilikuwa imeachwa makusudi ili kompyuta isielemewe.

Mimi ningeacha ukaguzi mwepesi ubaki daima, kwa fankisheni. Makro ningeiachia ule mzito wa karakanani, na malipo yaandikwe kwenye mstari wake peke yake, juu ya assert. Mpaka juma lijalo, kwaherini.