Nani Mwingine Yumo Pichani? Arusha, Mlima Meru na Sura za Watu Mashuhuri

Kila anayeingia ofisi ya umma jijini Arusha, awe amefuata leseni ya biashara au hati ya kiwanja, hukutana kwanza na sura ya Rais. Picha imetundikwa juu, nyuma ya kiti cha mkuu wa ofisi, na mara nyingi pembeni yake ipo ya Mwalimu Nyerere. Ni picha rasmi: mwanga umesawazishwa, nguo haina kunyanzi, mtazamo umetulia. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 19, 2021, picha ya mtangulizi wake ilishushwa na yake ikapandishwa, kutoka ikulu hadi ofisi za kata. Picha ya namna hiyo inafanya kazi iliyotumwa. Inatangaza nani ameshika madaraka. Waliokuwa chumbani siku yalipofanyika maamuzi makubwa hawamo ndani yake, wala haikukusudiwa wawemo.

Mhadhara huu unahusu picha nyingine, zile za pembeni na za nyuma ya pazia, ambamo mtu mashuhuri amenaswa akiwa kazini na watu wengine wamemzunguka. Arusha na vitongoji vya Mlima Meru vimepitiwa na wakubwa wengi kuliko ukubwa wa mji wenyewe: waigizaji wa Hollywood, marais, wapatanishi, majaji, watuhumiwa wa mauaji ya kimbari. Wote walipigwa picha. Hoja inayoletwa hapa ni moja: thamani ya picha hizo kwa wenyeji wa Arusha inategemea kazi ambayo bado haijafanywa, nayo ni kuwatambua wale wengine waliomo.

Wa kwanza kutajwa anastahili kuwa mtu wa hapa hapa.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika silaha. Walichangishana fedha, na mwaka uliofuata wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, hadi New York kwenye Umoja wa Mataifa, akifuatana na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza kilichotokea. Mataifa makubwa yalisikia na kusikitika. Hoja ya kuwatetea Wameru ilipofika Baraza Kuu baadaye mwaka huo ilikosa theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi kwa njia ile. Lakini Mtanganyika wa kawaida alikuwa amekwenda kuishtaki serikali yake mbele ya dunia, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa na mitatu kabla Nyerere hajasimama mahali hapo hapo kudai uhuru.

Kirilo alipigwa picha katika safari ile. Anayeitazama leo anaona watu wawili, mteja na wakili wake. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba nauli iliyompeleka mtu huyo ilitoka mikononi mwa wakulima waliokuwa wamepoteza mashamba, wake kwa waume, na kwamba kila aliyetoa alikuwa na haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waliosafiri. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo. Hata hivyo, vijana wengi wa Arusha wanaoweza kumtaja mwigizaji aliyepita Momella miaka ile hawajawahi kuiona sura ya Kirilo Japhet, na hilo ni jambo la kusikitisha kweli kweli.

Mwigizaji mwenyewe ni John Wayne. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alileta Tanganyika kundi zima la Hollywood kutengeneza filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Kambi ya hadithi ilikuwa Momella, chini ya Meru, katika eneo la shamba lililokuwa la Margarete Trappe, mwindaji wa Kijerumani aliyefika nchini mwaka 1907 na kufariki mwaka 1957. Hata kampuni ya kukamata wanyama iliyo ndani ya hadithi ilipewa jina la Momella. Nje ya hadithi nako mambo yalikuwa yakibadilika: mwaka 1960 eneo la Ngurdoto lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1967 hifadhi hiyo, ikiwa imepanuliwa, ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Filamu hii ina faida kubwa kwa mada ya leo, kwa sababu mmoja wa wahusika wake wakuu ni mpigapicha. Elsa Martinelli, mwigizaji wa Italia, anacheza Dallas, mwanamke aliyetumwa na bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, apige picha za ukamataji. Anafika, anadharauliwa na wanaume wa kambi, anapanda gari, anajifunza. Baadaye anakuwa mlezi wa ndama wa tembo, na wenyeji wanampa jina la Mama Tembo. Hawks alikuwa ameweka ndani ya hadithi swali linalomkabili kila anayeshika kamera: asimame mbali apige tu, au aingie katika shughuli?

Na shughuli ilikuwa ya kweli. Waigizaji walikimbizana wenyewe na wanyama, wakiongozwa na wakamataji wazoefu. Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa kwenye gari la kukamatia, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi. Kifaru mmoja alipochomoka kwenye kamba, kamera ziliendelea, na mkurupuko wa kumkamata tena ukabaki kwenye filamu. Inasimuliwa kwamba sauti za purukushani hizo zilibidi zirekodiwe upya studio, kwa kuwa Wayne alikuwa akitukana. Russell Harlan, aliyesimamia upigaji, aliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar.

Sasa atazamwe aliye nyuma ya Wayne. Mara gari linaposimama, Waafrika wanaruka chini na kukimbilia miguu ya mnyama. Wao ndio wanaofunga kamba. Wao ndio walio karibu zaidi na pembe na kwato. Mtu anayeshika mguu wa twiga aliyechachamaa anafanya kazi ya ustadi na ya ushujaa, na kwa muda wa sekunde chache yeye ndiye muhimu kuliko wote walio kwenye fremu. Jina la Wayne liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango kuanzia New York hadi Berlin. Wafungaji kamba walibaki kuwa mandhari, kama migunga na vumbi. Hapo ndipo picha ya nyuma ya pazia inapoishinda ile ya bango: bango limewaondoa watu hawa, lakini ushahidi kwamba walikuwepo umo ndani ya mkanda.

Mwenzake Wayne, Mjerumani Hardy Krüger, aliupenda mlima kiasi cha kununua shamba la Momella na kuishi hapo hadi miaka ya 1970, akaandika na kitabu kuhusu maisha hayo. Alifariki Januari 2022, na magazeti ya Ujerumani yakamuaga kwa picha za Meru. Kumbukumbu ya Momella imehifadhiwa vizuri sana kwa upande wake. Waliomlimia, waliompikia na waliomwendeshea magari nao walikuwa na Momella yao, na wajukuu wao wapo Ngongongare, Usa River na Ngare Nanyuki.

Takriban miaka sita baada ya Wayne kuondoka, kamera zilielekea ukumbi wa Kaloleni, mjini Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5. Ukumbi ule wa kawaida kabisa ndio leo Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977, hatua chache kutoka mnara wa Mwenge. Mwalimu katika picha za kipindi kile ana sura inayofahamika: shati lisilo na tai, fimbo ndogo mkononi, kicheko kisichozuiwa. Alikuwa mtu ambaye kamera haikumlazimisha kukaa sawasawa, na hiyo ilikuwa sehemu ya siasa zake; kiongozi aliyedai viongozi wasiwe na nyumba za kupangisha wala mishahara miwili asingefaa kupigwa picha kwenye kiti cha enzi. Baada ya Azimio alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono, na picha za mwendo ule ni za jasho na vumbi, zinazoonyesha umati wa watu kuliko yeye.

Kisha ukaja wakati wa AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha. Jengo hilo la mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, na pengine hakuna jengo jingine Afrika Mashariki lililopigiwa picha za furaha na za msiba kwa ukaribu namna ile. Agosti 4, 1993, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Alexis Kanyarengwe wa kundi la waasi la RPF walitia sahihi mkataba wa amani mjini Arusha, Tanzania ikiwa mwezeshaji. Kalamu, suti za kidiplomasia, mikono inashikana. Miezi minane baadaye, Aprili 6, 1994, ndege ya Habyarimana iliangushwa Kigali akirudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari yakaanza. Mpigapicha wa Agosti 1993 hakudanganya. Mikono ilishikana kweli. Waliokuwa wakipanga vinginevyo hawakuwa wanatazama kamera.

Halafu Umoja wa Mataifa ukaileta mahakama ya Rwanda katika jengo hilo hilo. Septemba 2, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani, hukumu ya kwanza ya kosa la mauaji ya kimbari kuwahi kutolewa na mahakama ya kimataifa. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, akahukumiwa kifungo cha maisha. Picha zao zilizunguka dunia: suti, miwani, vipokea sauti vya wakalimani masikioni. Wengi walioziona walishangazwa na ukawaida wa sura zile.

Ndani ya chumba hicho alikuwepo mtu mwingine ambaye hakuna picha yake, na hakupaswa kupigwa. Mashahidi walifichwa kwa pazia na kuitwa kwa herufi. Shahidi aliyeitwa J alipoeleza mahakamani ubakaji uliomfika binti yake, ushahidi wake, pamoja na wa shahidi H, ulisaidia kufanya hati ya mashtaka irekebishwe mwaka 1997, na Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa ubakaji kama tendo la mauaji ya kimbari. Mwanamke mmoja wa kijijini alibadilisha sheria ya dunia akiwa Arusha, na usalama wake ulitegemea kutojulikana kwake. Hapa hoja ya mhadhara huu inakutana na mpaka wake. Kumtaja mtu kwa jina ni heshima pale tu anapokubali. Yule aliyefichwa kwa ajili ya uhai wake lazima aendelee kufichwa, hata mwandishi wa historia awe na kiu namna gani.

Mpaka huo unahusu pia barabara ya kwenda Monduli, ambako msafara wa watalii husimama na simu kumi huelekezwa kwa mama mmoja wa Kimaasai kabla hajasalimiwa. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bado sheria haiwezi kuchukua nafasi ya salamu.

Agosti 28, 2000, AICC ilijaa tena. Nelson Mandela, aliyepokea kazi ya kuipatanisha Burundi baada ya Nyerere kufariki Oktoba 14, 1999, alisimamia utiaji sahihi wa mkataba wa amani wa nchi hiyo, na Rais Bill Clinton wa Marekani alifika kushuhudia. Picha za wakubwa hao wawili ndizo zilizobaki. Baadhi ya vyama havikutia sahihi siku ile, na vikundi viwili vikuu vilivyokuwa na bunduki porini, CNDD-FDD na FNL, havikuwemo kabisa. Wakalimani waliovusha maneno makali kati ya Kifaransa, Kiingereza na Kirundi hadi usiku wa manane, makarani waliochapa rasimu upya, madereva wa Arusha waliowarudisha wajumbe hotelini wakiwa hawasemezani: hao waliona mengi kuliko lenzi yoyote.

Kazi inayopendekezwa inaweza kuanza bila jengo jipya. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati kifaru wa Momella anachomoka kwenye kamba leo amepita 80. Picha za filamu, za Azimio na za mazungumzo ya amani zichapwe kwa ukubwa unaoonekana na macho ya mzee, zipelekwe Ngare Nanyuki, Kaloleni, Sakina na Usa River, na kila anayetambuliwa aandikwe: jina kamili, la baba, kijiji, kazi aliyokuwa akifanya siku ile, jina la aliyemtambua, na kama yeye au familia yake wanaridhia jina litangazwe. Vyuo vya mkoa huu vina wanafunzi wa historia na wa uandishi wa habari wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Makumbusho ya Kaloleni yana kuta. Kumbukumbu za mahakama ya Rwanda zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji, pamoja na rekodi za sauti na video, na wafanyakazi wake wanajua vizuri namna ya kutunza jina linalotakiwa kutajwa na lile linalotakiwa kufichwa. Wa kuanza nao ni wazee wa Ngare Nanyuki, kwa sababu miongoni mwao wapo waliokuwa watoto wakati nyumba zinachomwa mwaka 1951.