Wanga Mwilini: Kwa Nini Ugali Huhesabiwa Pamoja na Sukari

(Mada iliyotolewa na Idara ya Afya ya Kaunti mbele ya vikundi vya wagonjwa wa kisukari na jamaa zao)



Wahudumu wa kliniki za kisukari hukutana mara kwa mara na mgonjwa anayesema ameacha sukari kabisa, hata chai anakunywa bila, lakini mashine ya kupima damu bado inasoma juu. Wengi hudhani mtu huyo anadanganya. Hadanganyi. Sukari aliyoiacha ni ile ya kopo. Ile ya sufuriani bado anaila mara mbili kwa siku.

Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha ugali usiokuwa na mboga, ukitafune kwa dakika moja au mbili bila kumeza. Utamu kidogo utaanza kusikika mdomoni. Hakuna aliyetia sukari humo. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vitamu.

Chanzo chake kiko shambani. Jani la mhindi linachukua maji, hewa ya kaboni na mwanga wa jua, na kutengeneza glukosi. Chembe moja ya glukosi ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Mmea hauwezi kuweka akiba ya glukosi ikiwa imelegea hivyo, kwa hiyo huziunganisha mamia kwa maelfu kama shanga kwenye uzi, na kuzihifadhi ndani ya punje. Huo ndio wanga. Nyuzi zake ni za aina mbili: amilosi, ambayo haina matawi, na amilopektini, yenye matawi mengi. Katika mahindi ya kawaida amilosi ni kama robo, na amilopektini robo tatu. Matawi hayo yana maana kwa mgonjwa, kwa sababu vimeng'enya hushambulia wanga kupitia ncha zake, na palipo na matawi mengi pana ncha nyingi, hivyo glukosi hutoka haraka. Maharagwe yana amilosi zaidi na wanga wake umefungiwa ndani ya kuta za chembe hai. Ndiyo maana githeri haipandishi sukari kwa kasi ya ugali mweupe.

Bua la mhindi nalo limejengwa kwa glukosi ileile. Tofauti ni jinsi zilivyounganishwa: kila glukosi imegeuzwa kichwa chini ikilinganishwa na jirani yake, na matokeo yake ni uzi mgumu unaoitwa selulosi. Binadamu hana kimeng'enya cha kuukata. Ng'ombe pia hana, lakini tumboni mwake mna vijidudu vinavyoifanya kazi hiyo, na kwa hiyo mabua yaliyobaki baada ya mavuno humpa nguvu yeye na si mwenyewe. Kwa mtu, nyuzinyuzi hizi hupita tu, ila zikipita hupunguza kasi ya glukosi kuingia kwenye damu. Unga wa grade one umeondolewa sehemu kubwa ya pumba. Pumba hiyo anauziwa mfugaji wa kuku, na pengine kuku ndiye aliyepata sehemu bora.

Sasa damu. Mtu mzima mwenye afya ana lita 5 hivi za damu, na sukari yote iliyomo ndani yake wakati hajala ni karibu gramu 5. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga usiopungua gramu 70, sawa na vijiko 14 vya sukari, na zote hatimaye hupitia kwenye mfereji huo mdogo. Kongosho hutoa insulini ili glukosi iingie misulini na kwenye ini, ambako huunganishwa tena na kuwa akiba iitwayo glikojeni. Ini huweka kama gramu 100, misuli zaidi ya hapo. Anayetembea au kulima huitumia akiba ya misuli, na mlo unaofuata hupata pa kuingia.

Insulini isipotosha, au mwili usipoitikia, glukosi hubaki kwenye damu na kunata kwenye chembe nyekundu. Chembe hizo huishi kama siku 120, na kipimo cha HbA1c huhesabu kiasi kilichonata. Wako wanaokula mboga tupu siku mbili kabla ya kliniki ili wasikaripiwe. Kipimo hiki huonyesha miezi miwili au mitatu iliyopita, kwa hiyo kujinyima huko hakumsaidii mtu, na daktari akiona sukari ya siku hiyo pekee anaweza kuacha dawa isiyotosha iendelee.

Jambo hili lifuatalo jamaa walishike vizuri. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka chini ya 4.0. Asipewe ugali wala mandazi. Wanga lazima ukatwe kwanza, na mafuta huchelewesha zaidi, ilhali ubongo hauna muda wa kungoja. Apewe vijiko 3 vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, arudiwe. Akipata nafuu, ndipo ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Akimbizwe hospitalini.

Hakuna anayeambiwa aache ugali. Nusu ya sahani iwe mboga kama sukuma wiki, kunde au managu. Robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, chapati, viazi au nduma. Kimoja, si vyote. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi, na unga wa posho mill usiokobolewa ni afadhali. Anayepunguza chakula akiwa kwenye insulini amwambie mhudumu kwanza, kwa kuwa dozi nayo huenda ikahitaji kupunguzwa.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mashine za kupima sukari mwaka 2023. Mwulize wa kijiji chako, upimwe asubuhi kabla ya kula. Ikisoma 7.0 au zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe tena, hata kama hujisikii mgonjwa.