Jina la Marehemu ni Haki Yake

Agosti 1916 Waingereza waliitwaa Kilosa kutoka kwa Wajerumani. Waafrika walitumika pande zote mbili, wakiwa askari na wapagazi.

Tunapowatafuta katika daftari za jeshi, jina la pili lisitudanganye: mara nyingi ni la baba, si la ukoo. Wawili walioandikwa "bin Ali" huenda si ndugu. Tulinganishe namba ya askari, kijiji na kabila.

Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, ya mwaka 1927, haikuchongwa jina la askari hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwaacha Waafrika wengi bila kumbukumbu. Basi, tuandike yale wazee waliyosimuliwa.