Siku za Kungojea Rufani



Katika taarifa ya mwaka tumezoea kueleza hesabu za chama, mazishi na michango. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo linalowachosha wengi katika mitaa yetu, tangu Kaloleni hata Jericho. Mtu hunyimwa fedha zilizo haki yake, akalalamika, kisha akaambiwa angoje. Angoje mpaka lini?

Jibu hutegemea fedha zenyewe. Mfanyakazi aliyeumia kiwandani, asiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini juu ya fidia, Sheria ya mwaka 2007 yampa siku 60 za kuleta pingamizi. Mkurugenzi hana budi kujibu kwa maandishi katika siku 14, na jibu lisipomtosheleza mlalamikaji, ana siku 30 za kukata rufani mahakamani. Sheria hiyo ilipingwa miaka mingi, hata Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwezi wa Desemba 2019. Lakini siku hizo humhesabia mlalamikaji pia. Mjane aliyekwenda kuzika nyumbani kwao, akakaa huko mpaka matanga yaishe, hurudi Mbotela siku nyingi zikiwa zimekwisha kupita.

Wazee wa Inua Jamii hali yao ni nyingine. Waliotimiza miaka 70 waliandikishwa mwaka 2017 ili kila mmoja apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha huweza kukatika kwa kasoro ndogo tu: jina halilingani na kitambulisho, au vidole havisomeki mashineni. (Vidole vilivyochonga mawe miaka 40 vitasomeka vipi?) Mzee huenda kueleza kwa mdomo, akarudi, akaenda tena, na maneno ya mdomo hayana tarehe ya kuhesabia.

Hapa twataka tusikilizwe. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 chaagiza hatua za kiutawala ziwe za haraka na za haki. Sheria ya mwaka 2015 iliyotokana nacho yampa ofisa miezi mitatu, tangu aombwe, kutoa sababu zake kwa maandishi. Asipotoa, na shauri likafika mahakamani, huchukuliwa kuwa alitenda bila sababu njema, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miezi mitatu ni shilingi 6,000 za mzee, nasi hatuiiti haraka. Walakini ina mwisho.

Basi barua iandikwe nakala mbili, na moja ipigwe mhuri wa kupokelewa, irudi na mwenyewe. Karani wetu atawaandikia wasioweza, bila malipo, kila Jumamosi baada ya saa nane. Kila mtu aje na kitambulisho chake.